Ndege za Kwenye Kasha la Klabu

Lile kasha waliliacha walowezi. Walipoondoka kwenye mashamba yao ya tumbaku, klabu yao ya Iringa mjini ilichukuliwa, ikapakwa rangi upya, ikawa baa ya kila mtu, na mimi niliyemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea nikapata kazi ya kuuza vinywaji mle ndani. Walibeba sahani zao, walibeba piano, walibeba hata picha za ukutani zikabaki alama za mraba. Kasha liliwashinda kwa uzito.

Lilikuwa la chuma, refu kumpita mtu. Mbele lilikuwa na kioo kama dirisha, na chini ya kioo bunduki iliyofungwa isiweze kutoka. Ukitumbukiza sarafu taa iliwaka ndani, mota ikaunguruma, na ndege za kivita zikaanza kupita nyuma ya kioo, moja baada ya nyingine, mbele ya mawingu yaliyochorwa. Zilikuwa za bati jembamba, zimefungwa kwenye mkanda wa turubai uliozunguka. Ukifyatua ukapata, kengele ililia na ndege ikalala chali. Mkanda ukishapita upande wa nyuma, ndege ile ile iliinuliwa na chuma kidogo na kurudi angani bila mkwaruzo.

Wajukuu wangu leo wanacheza vitu hivyo kwenye simu. Ndege zao zinatoa moto na moshi, na kuna sauti ya mtu anayewasifu kwa Kiingereza kila wanapoua. Lakini ndege ni ile ile, na inarudi vilevile. Wanadhani ninaondoka sebuleni kwa sababu ya kelele.

Ufunguo wa kasha nilikuwa nao mimi. Nilikuwa naufungua mlango wa nyuma, natoa sarafu, naitumbukiza tena, nacheza bure asubuhi kabla wateja hawajaja. Kwa hiyo nilikuwa hodari. Nilijua ndege ya tatu inachelewa kidogo kwa sababu mkanda ulikuwa umekunjamana pale. Watu waliniita Mzinga, na jina hilo nilitembea nalo mjini kama mtu aliyevaa koti jipya.

Shemeji yangu alinichukia, au ndivyo nilivyoamini. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemchukia, na nilianza mapema. Alikuwa Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mwanajeshi, fundi wa ndege za kivita, aliyepelekwa Uchina kujifunza kazi hiyo. Alimwoa dada yangu mkubwa kanisani kwake, kwa Walutheri, na dada akahamia huko. Baba yetu alikuwa katekista wa Kikatoliki. Tangu siku ile ya harusi baba hakumtaja mkwewe kwa jina wala kwa cheo, alisema "yule." Nami, niliyekuwa na umri wa kutaka kufanana na baba bila kufunga wala kusali kama yeye, nilichukua chuki yake na kuiongezea kejeli zangu. Kwa kuwa hakuwa rubani, nilimwita mpiga deki wa ndege.

Mwaka wa sabini na nane ulipokuwa unaelekea mwisho, sikio lake moja lilianza kutoa usaha, jingine likawa linasikia kwa shida. Miungurumo ya injini ndiyo iliyomfanyia hivyo. Daktari alimtoa kambini akapumzike, akaja Iringa ambako dada alikuwa amepanga chumba mtaani kwetu. Wiki chache baadaye vita vya Kagera vikatangazwa redioni.

Kitu alichotaka yule mtu kilikuwa kimoja tu: kurudi kwenye ndege zake kabla wenzake hawajamaliza kazi bila yeye. Kila asubuhi alikaa nje kwenye kigoda, akavua saa yake ya mkononi, akaisogeza sikioni, akaitoa, akaisogeza tena. Alikuwa anasikiliza kama inapiga. Siku aliyoisikia kwa umbali wa kiganja alimwita dada atoke jikoni aje ashuhudie, na dada akatoka na mikono yenye unga. Nilikuwa napita nikaona. Nikacheka kwa sauti ambayo nilijua hataisikia.

Mji ulikuwa na hasira siku zile. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, malori yalichukuliwa kupeleka askari. Redio ilimwita adui nduli, na kwa kuwa kiwanja chetu cha ndege kiko mahali paitwapo Nduli tangu enzi za babu zetu, watu wa mikoa mingine waliokuja kunywa kwetu walitutania kwamba tumemjengea kiwanja. Utani huo ulileta ngumi zaidi ya mara moja. Kila mtu alitaka kumpiga mtu, na adui alikuwa mbali, huko kaskazini kabisa.

Nikawapa adui. Nilifungua kasha, nikatoa mkanda, na zile ndege za bati nikazipaka nyeusi, njano na nyekundu, rangi za bendera yao. Kazi hiyo niliifanya kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya shuleni. Jumamosi yake baa ilijaa mchana. Tukaanzisha mashindano: anayeshindwa ananunua ulanzi wa kundi zima. Vijana wa mgambo walikuja moja kwa moja kutoka kwenye mazoezi, bunduki zao za mti wameziegemeza ukutani, wakapanga foleni kushika ile ya kasha. Wengi wao walikuwa wameshaambiwa wajiandae kwenda kaskazini. Kila kengele ilipolia walimtukana nduli na ukoo wake. Meneja wetu alikuwa anapita katikati ya meza anatabasamu kama bwana harusi.

Jumamosi ya tatu au ya nne, shemeji aliingia. Hakuwa mnywaji, alikuja kununua soda ya dada, ambaye alikuwa mjamzito na hamu yake ilikuwa soda tu. Mtu mmoja akasema apewe bunduki mwanajeshi halisi atuonyeshe. Nikasema, ili wote wasikie, "Mwacheni huyo. Wenzake wanaruka, yeye anafuta vumbi."

Walicheka. Sijui kama alisikia maneno, ila vicheko aliviona. Alisogea kwenye kioo akaangalia ndege zikipita, muda mrefu, bila kushika bunduki. Kisha akaniomba nifungue. Nilidhani anataka kustaajabia kazi ya aliyezipaka, nikafungua. Aliingiza mkono akashika ndege moja puani kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyoshikwa kifaranga.

"Nani kapaka?"

"Mimi."

Aligeuka kwa wale vijana wa mgambo, na kwa sababu ya masikio yake aliongea kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu aliyezoea kuongea kando ya injini. Jambo ambalo mtu mwingine angelisema pembeni, yeye alilisema mbele ya baa nzima.

"Angalieni. Pua iliyo wazi hivi, na mabawa yaliyolala nyuma hivi, hiyo ni mig. Adui anazo. Na sisi tunazo. Mimi nimezisukuma kwa mabega yangu. Mkizoea kufyatua kila mnapoiona pua hii, mtawatungua wenzenu."

Kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo zao na zetu ni moja?"

"Umbo ni moja. Tofauti ni rangi na aliyekaa ndani. Na ikiwa juu, rangi hamtaiona."

Yule kijana aliyekuwa mbele ya foleni alirudisha sarafu yake mfukoni. Mwingine akachukua bunduki yake ya mti. Walitoka wawili, kisha wanne, na mashindano yakafa pale pale huku mota ikiendelea kuunguruma na ndege zikipita bila mtu. Meneja aliniangalia mimi. Ndipo shemeji, akidhani amepunguza sauti, akaniinamia na kusema, "Shemeji, zitoe hizo. Wape hata kunguru wapige."

Baa nzima ilisikia. Kwa wiki ile sikuwa Mzinga tena. Sokoni, kisimani, kwenye foleni ya sukari, niliitwa Kunguru. Watoto walinililia "kraa" nikipita. Mwanamke mmoja aliniuliza kama kunguru wangu wanataga. Nami nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na sikuwa na kitu kingine chochote cha kujivunia.

Kikao cha nyumba kumi kilikuwa Jumapili alasiri, uani kwa balozi wetu, seremala mmoja mpole ambaye viti vyote vya kikao alikuwa amevitengeneza yeye. Alisoma maagizo kutoka juu: tulinde mtaa, tusipokee wageni bila taarifa, na tuwe macho na maneno ya kuvunja watu moyo. Akauliza kama kuna mwenye neno. Dada na mumewe hawakuwepo. Dada alikuwa hajisikii vizuri.

Nilisimama. Nakumbuka nilishika mgongo wa kiti cha mtu aliyekuwa mbele yangu.

Nikasema, "Yupo mtu anawaambia vijana wa mgambo kwamba ndege za adui na zetu ni moja. Na baada ya hapo vijana wakatoka bila hamu."

Balozi aliuliza ni nani. Nikasema ni shemeji yangu. Watu waligeuka. Balozi akavua miwani, akaniuliza, "Una hakika na unachokisema, kijana wangu? Hii si habari ya kutupa tu."

"Nimesikia mwenyewe. Na baa nzima imesikia."

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba sikusema uongo. Ni kweli, kila neno lilitoka kinywani mwake. Nilichofanya ni kuacha maneno yake mengine: kwamba wasije wakatungua wenzao. Hayo nilikuwa nayo kichwani wakati nimesimama, yamekamilika, na nikayameza kwa makusudi. Nilikaa chini, na mzee aliyekuwa jirani yangu akanipigapiga goti. Nilijisikia vizuri sana. Hilo lazima niliseme pia.

Kabla ya wiki kwisha Land Rover ilisimama mbele ya chumba chao. Shemeji alikuwa kwenye kigoda na saa sikioni. Jirani aliyeona alisema hakubishana; aliwaomba waliokuja kumchukua waongee kwa nguvu kidogo, nao wakafikiri anawafanyia jeuri. Dada aliporudi kutoka foleni ya sukari alikuta kigoda, na juu ya kigoda saa.

Alikuja nyumbani kwetu jioni ile kabla jua halijazama. Baba alikuwa anasoma breviari, kitabu chake cha sala, hakuinua macho. Dada aliuliza ni nani aliyesema. Baba akajibu kwamba yule alikuwa na mdomo tangu zamani. Mama aliniangalia, na kuangalia kwake kulitosha. Dada alinisogelea. Nilidhani atanipiga. Aliniuliza kwa Kihehe, lugha tuliyoongea wawili tangu nikiwa mgongoni kwake, kama nilijua yule mtu alikuwa amebakiza kiasi gani kupona. Nikamjibu kwamba mimi si daktari. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mwaka ule.

Tulisikia kwamba shemeji amepelekwa Mbeya, ambako ndiko waliko wakubwa wa kuamua mambo kama hayo. Dada alimfuata juu ya lori la viazi, na tumbo lake, katika baridi ile.

Na mimi niliendelea na kasha. Vijana walirudi, tena wengi zaidi, kwa sababu sasa kusimama mbele ya kile kioo kulikuwa ushahidi wa uzalendo na kusita kulikuwa hatari. Walicheza, wakaenda zao kaskazini. Kama yupo hata mmoja kati yao aliyeinua macho akaona pua iliyo wazi na kufyatua kabla ya kuuliza, sijui. Sijawahi kumuuliza aliyerudi. Niliwauzia bia tu.

Shemeji aliachiwa baada ya wiki kadhaa. Hakushtakiwa. Hakuna aliyempata na kosa. Aliambiwa tu asirudi kambini, kwa kuwa mtu aliyewahi kutiliwa shaka hawekwi karibu na ndege wakati wa vita. Vita vilipokwisha, aliyemwambia hivyo alikuwa amehamishwa, na hakukuwa na wa kumwambia vinginevyo. Dada alijifungulia Mbeya, wakabaki huko huko.

Nilikwenda kuwaona mwaka uliofuata, baada ya askari kurudi na watu kutulia. Mama ndiye aliyenituma, na kuku wawili. Walikuwa wanakaa Mwanjelwa, kwenye vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga ambayo shemeji alikuwa fundi wake. Nilifika mchana, unga umetanda juu ya kila kitu. Dada alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni.

Nikamsalimu, "Kamwene, dada."

Akanijibu kwa Kiswahili. "Umefuata nini huku?"

Ninyi msiotoka kwetu mtaona ni jambo dogo. Dada hakuwahi kuongea nami Kiswahili hata siku moja, isipokuwa mbele ya walimu. Alinisemesha kama anavyosemeshwa mkusanya kodi. Akageuka ndani akamwita mumewe kwa Kinyakyusa, lugha ambayo sikuielewa, na wakazungumza kwa muda juu yangu mbele yangu. Kuku niliendelea kuwashika, vichwa chini.

Shemeji alitoka akiwa mweupe kwa unga hadi kope. Alinionyesha gunia nikae. Hakunipa mkono. Nilianza maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima tangu Makambako, kwamba zilikuwa siku mbaya, kwamba kila mtu alikuwa na hofu, kwamba mimi nilikuwa mtoto. Alininyamazisha kwa kuinua kidole. Alivua saa, akainyoosha mbali, mkono mzima, akageuza kichwa.

"Naisikia kutoka hapa," alisema. "Yote mawili. Masikio yote mawili."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida sasa. Alikuwa amepona. Injini pekee aliyokuwa nayo ni ile ya kusagia mahindi.

Akauliza kama lile kasha bado lipo. Nikasema lipo. Akauliza kama ndege zimo. Nikasema zimo. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

Nikamwomba anisamehe. Nilitamka neno lenyewe. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, akaacha kumbembeleza mtoto ili asikie jibu.

"Kule kwenye kikao ulisema umekaa au umesimama?" aliniuliza.

"Nimesimama."

"Basi usiniletee maneno ukiwa umekaa kwenye gunia langu. Nenda kwa watu wale wale, simama, uwaambie nilichosema chote. Chote, shemeji. Mwanangu akienda Iringa kwa bibi yake asiitwe mtoto wa msaliti. Ukishafanya hivyo, njoo tena, nitakupa mkono."

Nikamwahidi. Dada alichukua kuku mmoja, wa pili akanirudishia, akaniambia kwa Kiswahili kwamba basi la Iringa linaondoka saa tisa.

Kikao kiliitwa Jumapili mbili baadaye, uani kwa seremala yule yule, kwenye viti vile vile. Walikuwepo wote walionisikia mara ya kwanza, na wapya wawili waliorudi kutoka vitani, ambao walipewa viti vya mbele. Baba alikuja pia, jambo ambalo si kawaida yake. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyarudia chooni, nimeyarudia mbele ya kasha asubuhi hiyo mota ikiwa imezimwa. Balozi aliongea habari za usafi, za karo, za mbwa wanaozurura. Kisha akavua miwani akauliza kama kuna mwenye neno.

Niliinuka. Nilishika mgongo wa kiti cha mbele yangu. Watu waligeuka, na mmoja kati ya wale waliorudi vitani akanitabasamia na kunong'ona kwa mwenzake, nikasikia akisema, "Huyu ndiye Mzinga."

Balozi alisema, "Ndiyo, kijana wangu."

Nikauliza bomba la maji la mtaa litatengenezwa lini.